Kutoka Chuoni Hata Zamu ya Usiku

Muhula huu sisi wa Kidato cha Nne tulipewa kazi ya kuchagua. Mwalimu wa taaluma alitugawia fomu ya uchaguzi, ile ambayo sote tunaiita Selform, akatuambia kila mtu afikiri vizuri kabla ya kuijaza, aandike tahasusi za Kidato cha Tano na vyuo anavyovipenda. Mimi katika nafasi ya vyuo niliandika Uuguzi na Ukunga. Jirani yangu wa dawati alipochungulia alicheka hata machozi yakamtoka. Akasema kwa sauti, "Mwanamume mzima, unakwenda kutandika vitanda!" Darasa zima likacheka. Mimi nami nikacheka, lakini moyoni sikucheka.

Kwa kuwa sikupata jibu siku ile, nimeonelea nijibu kwa kalamu. Ninaye dada yangu ambaye ni muuguzi katika zahanati moja ya wilaya ya Geita, na likizo iliyopita nilikaa kwake wiki 2. Nilimwuliza maswali mengi, hata akaniambia kuwa ninamchosha kuliko wagonjwa. Mengi ya haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwake. La kwanza alilonifundisha ni hili: siku mtu anayopewa cheti cha uuguzi si siku anayokuwa muuguzi. Kati ya siku hizo mbili iko njia, na njia hiyo ndiyo habari yangu.

Nianze na hivyo vitanda. Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Crimea, Mwingereza mmoja aitwaye Florence Nightingale alikwenda Scutari, nchini Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa nchi yake. Aliwakuta wamelala katika uchafu, shuka hazifuliwi, hewa ni nzito, na chakula ni kibaya. Katika vita vile maradhi kama kipindupindu na kuhara yaliua askari wengi kuliko risasi. Basi yeye alianza na sabuni, shuka safi, madirisha na chakula, tena aliandika hesabu ya vifo ili wakubwa wasiweze kukana. Mwaka 1860 ilifunguliwa shule yake ya wauguzi katika Hospitali ya St Thomas' mjini London, na tangu hapo watu walianza kufahamu kuwa kuuguza ni elimu, na elimu hufundishwa. Tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani hata leo. Kwa hiyo anayecheka kitanda kilichotandikwa vizuri na acheke, lakini ajue anacheka kitu kilichookoa watu.

Sasa tuitazame njia yenyewe. Mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayetaka stashahada ya uuguzi na ukunga hana budi kufaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, na Hisabati na Kiingereza humsaidia sana. Stashahada huchukua miaka 3. Anayepitia Kidato cha Sita na kwenda chuo kikuu husoma miaka 4, kisha hufanya kazi mwaka 1 wa utarajali chini ya uangalizi. Huku kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Kipo chuo cha afya cha Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, karibu na hospitali iliyoanzishwa na wamisionari zamani za ukoloni. Kipo chuo cha uuguzi Geita. Na kwa wanaotaka shahada, kipo chuo kikuu cha afya cha Bugando, Mwanza.

Chuoni mwanafunzi husoma mwili wa binadamu, dawa, maradhi, uzazi, na namna ya kusema na mgonjwa. Kuchoma sindano hujifunza kwanza kwa sanamu, kisha hupelekwa wodini. Huko wodini hafanyi neno peke yake. Akipima shinikizo la damu, yupo muuguzi nyuma yake. Akitoa dawa, mwalimu huitazama kwanza. Akikosea kuandika, huambiwa afute na kuandika upya. Dada yangu alisema, "Mdogo wangu, mwanafunzi wa uuguzi hukaa kivulini. Jua likiwa kali, linampiga mti."

Baada ya mitihani ya chuo, bado hajaruhusiwa kufanya kazi. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hapana mtu anayeruhusiwa kuuguza watu hapa Tanzania bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Baraza lina mtihani wake, na anayeshindwa hana budi kurudia. Leseni nayo ina muda wake. Muda ukiisha ni lazima kuihuisha, na muuguzi huonyesha kuwa ameendelea kujifunza. Hii ndiyo tofauti ya kwanza kubwa. Cheti cha chuo husema kuwa mtu huyu alisoma. Leseni husema kuwa mtu huyu anaweza kuulizwa. Akifanya kosa la uzembe, Baraza laweza kumwita na kumnyang'anya leseni hiyo.

Hapo wengi hudhani safari imekwisha. Lakini iko sehemu ambayo haisemwi sana siku ya mahafali, nayo ni ya kungoja. Zahanati na vituo vya afya vya Serikali viko chini ya halmashauri, na nafasi za kazi hutangazwa na Serikali kwa wakati wake. Waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Hospitali za makanisa, za watu binafsi na za migodi mikubwa nazo huajiri, lakini haziwezi kuwachukua wote.

Dada alingoja miaka 2. Baba alikuwa ameuza ng'ombe 5 kwa ajili ya ada yake, na ninyi mliozaliwa Usukumani mnajua maana ya ng'ombe 5. Majirani walipopita kwenye shamba letu la pamba waliuliza, "Nesi wenu yuko wapi?" Baba hakuwajibu. Dada naye hakukaa bure. Alikwenda kujitolea katika kituo cha afya, akilipwa nauli tu, na mwezi mwingine hata nauli haikupatikana. Nilimwuliza kwa nini alikubali. Akasema kuwa kichwa husahau polepole, lakini mkono husahau upesi. Muuguzi aliyekaa miaka 2 bila kumshika mgonjwa atakuwa na leseni mfukoni na mikono ya mgeni. Nadhani neno hilo lawafaa wote wanaomaliza masomo wakangoja kazi, hata kama si wauguzi.

Barua ya ajira ilipokuja, alipangiwa Geita. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na sifa yake kubwa ni dhahabu. Uko mgodi mkubwa wa kisasa karibu na mji, na wako maelfu ya wachimbaji wadogo katika mahali kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu. Watu hutoka kila pembe ya nchi. Leo wako hapa, kesho wakisikia dhahabu imetoka kwingine wanahama. Kijana anaweza kuletwa zahanati amevunjika mguu kwa kuangukiwa na kifusi duarani, na hapana mtu anayejua jina lake la pili wala kwao ni wapi.

Hapa dada aliona tofauti ya pili. Katika kitabu cha chuo, kila ugonjwa una mlango wake. Malaria ina ukurasa wake, kifua kikuu kina ukurasa wake, na sumu ina ukurasa wake. Zahanati mambo hayaji kwa kurasa. Mathalani aje mchimbaji mwenye kikohozi cha wiki 3. Huenda ni kifua kikuu. Huenda ni vumbi la mawe, maana anayesaga mawe au kuchimba ndani ya mwamba huvuta vumbi kali linaloharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Huenda ana malaria vilevile, kwa kuwa nchi hizi za Ziwa zina mbu wengi. Muuguzi hana budi kuuliza kazi ya mgonjwa kabla ya kuuliza dawa anayotaka.

Tena iko zebaki. Wachimbaji wadogo husaga mawe yenye dhahabu, kisha huchanganya unga huo na maji na zebaki. Zebaki hushikamana na dhahabu ikawa donge. Donge hilo huchomwa motoni, zebaki ikaruka kuwa mvuke, na dhahabu ikabaki. Mvuke ule hauonekani, lakini ukivutwa hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mwenye mimba hudhuru mtoto tumboni. Wengine huchoma jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali. Dada hana dawa ya kuondoa jambo hilo. Alilo nalo ni mdomo. Kila siku ya kliniki ya akina mama huwaambia wasichome ndani ya nyumba, na mwenye mimba asikae karibu na moto ule. Baadhi humsikiliza, na wengine humwambia kuwa njaa nayo ni ugonjwa.

Jambo jingine nililoliona kwa macho yangu ni lugha. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje, akaja bibi mmoja mzee anayetembea kwa fimbo. Dada alitoka akamwamkia, "Mwangaluka, mayu." Yule bibi alisimama, akacheka, akaanza kueleza maradhi yake tangu mwaka wa juzi. Dada hakumkatiza. Jioni aliniambia kuwa katika maneno yale mengi, matatu ndiyo yaliyokuwa ugonjwa, na kama angemharakisha asingeyapata. Kisukuma hakikufundishwa chuoni.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Dada alikuwa na mwezi wa pili kazini. Zahanati ile ina muuguzi mwingine, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, na siku ile alikuwa amekwenda wilayani kwa shughuli za dawa. Hata ilipofika saa nane za usiku, akaletwa mama mwenye uchungu kwa pikipiki. Jina la mama yule dada hakunitajia, maana siri ya mgonjwa ni sehemu ya kiapo chake, nami sikumwuliza.

Mtoto alizaliwa salama akalia. Dada alimchoma mama sindano ya oksitosini kabla ya dakika moja kupita, kama ilivyo kanuni, ili mfuko wa uzazi ukaze. Kondo la nyuma likatoka zima. Kisha damu ikaanza kutoka, wala haikukoma.

Msomaji, kutokwa na damu baada ya kuzaa ni katika sababu kubwa za vifo vya akina mama duniani. Damu ikipita nusu lita, hiyo ni hatari. Dada aliyajua hayo yote, na katika mtihani wa chuo alikuwa amepata alama nzuri kwa swali hilo hilo. Aliniambia, "Chuoni nilipoinua macho nilimwona mwalimu. Usiku ule niliinua macho nikaona ukuta."

Alisimama, kwa hesabu yake, muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akaanza. Aliukanda mfuko wa uzazi kwa mkono juu ya tumbo. Akamwita mhudumu aliyekuwa zamu amshikie taa. Akamwekea mama maji ya mishipani yenye dawa ya kukaza mfuko, akatoa mkojo kwa mpira ili kibofu kisizuie, akatazama kama pana mahali palipochanika. Mume wa mama yule alikuwa nje, dada akamwambia apige simu namba 115. Hiyo ni namba ya mfumo wa m-mama, ambao ulijaribiwa Sengerema na mkoani kwetu Shinyanga kabla ya kupelekwa nchi nzima kuanzia mwaka 2022. Ukipiga, mpokeaji hutafuta gari la wagonjwa, na likiwa mbali humwita dereva wa karibu aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Bila malipo ya mgonjwa.

Gari lilipofika damu ilikuwa imepungua sana. Mama alipelekwa hospitali, na baada ya siku chache alirudi na mtoto wake. Dada alipobaki peke yake alifungua daftari la uzazi, akaandika saa, dawa, vipimo, na mwishoni jina lake na sahihi yake. Alisema mikono haikutetemeka alipokuwa akimwuguza mama. Ilitetemeka alipokuwa akiandika jina. Miaka 3 alikuwa ameandika mahali pa mwanafunzi, na mtu mwingine akatia sahihi chini. Usiku ule chini hapakuwa na mtu mwingine.

Yule mama wa makamo aliporudi, alisoma daftari lote, kisha akamwuliza, "Uliogopa?" Dada akajibu, "Shikamoo, mama. Niliogopa." Akaambiwa, "Marahaba. Vema. Muuguzi asiyeogopa ndiye ninayemwogopa mimi." Halafu wakaketi, wakalipitia jambo lile hatua kwa hatua, lipi lilifanywa mapema na lipi lingeweza kufanywa mapema zaidi. Dada anasema mazungumzo yale ya saa moja yalimfaa kama muhula mzima.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Baiolojia habari hii. Akaniambia kuwa hofu ile si ya dada peke yake. Mwaka 1974 Mmarekani Marlene Kramer aliandika kitabu juu ya mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapoona kuwa kazi si kama walivyofundishwa, hata wengine wakaiacha. Na mwaka 1984 Patricia Benner, naye Mmarekani, alieleza kuwa muuguzi hupanda ngazi 5. Huanza mgeni kabisa, anayefuata kanuni moja moja. Huwa mwanzo wa kujua, kisha hodari wa kazi, kisha mjuzi, na mwisho bingwa, anayemtazama mgonjwa akahisi hatari kabla ya kipimo kusema. Kufika ngazi ya tatu huchukua kama miaka 2 au 3 ya kazi ya namna moja. Kwa hiyo aliyetoka chuoni jana asijilaumu kwa kuwa si bingwa leo, wala sisi tusimdai ubingwa huo.

Uko na mfano mwingine karibu. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika ya Kusini na Tanzania. Wakunga walipewa shuka yenye alama ya kupimia damu, na wakafundishwa kuwa damu ikizidi wafanye matibabu yote kwa pamoja, wasingoje kujaribu moja kisha jingine. Utokaji mkubwa wa damu na madhara yake yakapungua kwa asilimia 60. Dawa nyingi kati ya zile zilikuwapo tangu zamani. Kilichoongezwa ni kupima mapema na kutenda pamoja. Mimi naona hiyo ndiyo tofauti ya mwanafunzi na muuguzi: mmoja anavijua vipande, mwingine anaviunganisha saa nane za usiku. Kazi ya watu kama hao haionekani magazetini, lakini hesabu inaonekana. Takwimu za Serikali zasema vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, na vikashuka hadi 104 katika ule wa mwaka 2022.

Nilimwomba dada mashauri kwa wanaotaka kuifuata njia hii, naye akanipa manne. Kwanza, soma lebo ya dawa mara tatu: unapoichukua, unapoitia katika bomba, na kabla ya kumpa mgonjwa. Hata leo nilimwona akifanya hivyo. Pili, andika papo hapo, maana lisiloandikwa ni kama halikufanywa. Tatu, usione haya kuuliza. Namba ya simu ya mkubwa wako ni chombo cha kazi kama mkasi. Nne, siku ukifanya vibaya, sema mapema, kwa kuwa kosa lililosemwa laweza kutibiwa.

Nimebakiwa na neno moja. Baba hapendi niwe muuguzi. Alisema, "Nimekwisha kungoja miaka 2 kwa ajili ya mmoja. Ng'ombe waliobaki ni wachache." Simlaumu, kwa maana anasema kweli, na ng'ombe ni wake. Nimemwandikia barua yenye mambo haya haya niliyoyaandika hapa, na dada ameahidi kusaidia ada kwa mshahara wake. Jibu la Baba bado halijafika. Fomu yangu nimekwisha kuirudisha kwa mwalimu, na chaguo langu sikulifuta.

Na wewe jirani yangu wa dawati, nakukumbusha kuwa Jumamosi ijayo ni zamu yetu ya usafi wa bweni. Njoo nikuonyeshe kitanda kinavyotandikwa.